Lipa Mali Kauli, Kisha Kataa Mengine

Asubuhi, kabla Mtaa wa Kongo haujafurika, kuna biashara inafanyika kimyakimya ambayo hakuna benki ingeikubali. Kijana asiye na fremu, asiye na hati ya nyumba wala mdhamini, anaingia duka la jumla, anahesabiwa fulana au viatu, jina lake na idadi ya mzigo vinaandikwa kwenye daftari, anaondoka. Hajatoa hata shilingi. Jioni anategemewa kurudi na fedha, au na mzigo uliobaki, au na vyote viwili. Hiyo ndiyo mali kauli, na wamachinga wengi wa Kariakoo, Dar es Salaam, wameanzia hapo. Hakuna mkataba unaoilinda; mwenye duka akiamua kushtaki kwa ajili ya dazeni mbili za fulana, nauli na muda vitazidi thamani ya mzigo. Kinachomrudisha kijana jioni ni kwamba kesho atataka mzigo mwingine, kwamba tajiri wa duka hili anafahamiana na wa duka la tatu, na kwamba habari za aliyeingia mitini hufika Mtaa wa Narung'ombe kabla yeye mwenyewe hajafika. Na kuna lililo zito kuliko hayo: wengi wao hawapigi hesabu yoyote. Wanarudi kwa sababu kurudi ndiko kunakofanywa, na asiyerudi si mwenzao.

Naanzia hapo makusudi. Wanaotoa ushauri kuhusu shinikizo la jamii huwa wanaanza na lawama: jamii inabana, jamii inasema sana, usijali watu, fuata moyo wako. Ushauri huo unaweza kumfaa mtu mwenye mshahara na ukuta wa nyumba. Kwa anayeishi kwa mali kauli, macho ya watu ndiyo dhamana, na akiacha kujali watu amefunga biashara. Lakini mtaa huohuo unaomfundisha kurudisha fedha jioni unamfundisha pia kumshika mteja mkono na kumvuta dukani, kumrushia maneno msichana anayepita, kutaja bei mbili, moja ya risiti na nyingine bila, kuahidi mchango wa harusi asio nao, na kumcheka mwenzake anayekataa mojawapo ya hayo. Mgeni anauziwa yote kwa pamoja kama belo la mitumba: limefungwa, huruhusiwi kuchambua, ndani kuna shati la daraja la kwanza na matambara. Anaambiwa huku ndivyo tunavyoishi, na anaogopa akikataa tambara atanyang'anywa na shati.

Ushauri wangu ni kwamba belo lifunguliwe. Desturi chache ndizo zinazobeba uaminifu wa watu hapa, na hizo mtu azishike bila kutafuta mlango wa kutokea. Akizishika kwa muda, watu wanamwekea akiba ya heshima, na akiba hiyo ndiyo inayomwezesha kukataa zilizobaki bila kutengwa. Anayefuata kila kitu hajawahi kuitumia akiba yake. Anayekataa kila kitu hajaiweka.

Kwanza tuone kwa nini ni vigumu hivyo kukataa hata jambo dogo. Mwanasaikolojia Solomon Asch alifanya majaribio yake maarufu huko Marekani kuanzia miaka ya mwanzo ya 1950. Aliwaketisha wanafunzi wa chuo katika kundi na kuwaonyesha mistari, wataje upi unalingana na mwingine kwa urefu. Jibu lilikuwa wazi kwa yeyote mwenye macho. Ila katika kila kundi, wote isipokuwa mmoja walikuwa wameelekezwa kabla kutoa jibu moja lenye makosa. Takriban theluthi ya majibu ya yule mmoja yalifuata kosa la wengi, na wapatao watatu kati ya wanne waliliridhia angalau mara moja. Hapakuwa na faini, fimbo wala mjomba wa kununa. Sehemu inayotufaa zaidi ni ile inayotajwa mara chache: Asch alipomweka mtu wa pili aliyetoa jibu sahihi, ile hali ya kuwafuata wengi iliporomoka ikabaki kidogo sana. Mtu hakuhitaji kuungwa mkono na nusu ya kundi. Alihitaji mmoja.

Utafiti mwingine, wa Deborah Prentice na Dale Miller uliochapishwa mwaka 1993, uliwahusu wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Princeton na unywaji wa pombe. Mwanafunzi, kwa wastani, aliona kwamba wenzake wanaridhika na ulevi wa pale chuoni kuliko yeye. Yaani wengi walikuwa na wasiwasi, na kila mmoja akadhani wasiwasi ni wake peke yake, hivyo akanyamaza, na kimya chake kikawa ushahidi kwa jirani yake kwamba mambo ni sawa. Desturi inaweza kuishi miaka mingi namna hiyo, ikiwa imebebwa na watu ambao hakuna hata mmoja wao anayeipenda.

Sasa tazama kamati ya harusi. Kundi la WhatsApp linaanzishwa miezi mitatu kabla, watu wanaingizwa bila kuulizwa, kadi inatumwa ikiwa na kiwango cha mtu mmoja na cha wawili. Halafu inakuja orodha: jina, ahadi, kilicholipwa, salio. Orodha inarushwa upya kila jioni, na kila jioni majina yenye alama ya kulipa yanaongezeka, huku mwenye sifuri akijiona amesimama uwanjani mchana kweupe. Anaahidi. Kabla hajamaliza kupunguza ahadi hiyo, ameingizwa kwenye kundi la sendofu ya mwingine. Muulize faraghani mmoja mmoja wa waliomo na utasikia manung'uniko yaleyale: viwango vimepanda, ukumbi ni wa nini, sare za nini. Ndani ya kundi hakuna anayeandika hivyo, wanaandika hongera. Ni Princeton tupu, isipokuwa hapa bili inalipwa kwa mtaji wa biashara. Mwenye genge la nyanya sokoni akitoa mtaji wake kwenye mchango, wiki inayofuata atakopa ili anunue tenga.

Anayetaka kupunguza mzigo huu asijitoe kwenye kundi kimyakimya. Ile taarifa kwamba fulani ameondoka ni tusi, na hulipwa siku yako ikifika. Aahidi kidogo, aahidi mapema, alipe siku hiyohiyo. Ahadi ndogo iliyolipwa hukaa juu ya orodha yenye alama yake, wakati ahadi kubwa isiyolipwa inamfuata mtu kwa miezi. Mwenyekiti wa kamati aambiwe pembeni kwa simu, bila hadithi ndefu ya matatizo: nina hiki, na siku ya shughuli nitakuja kupanga viti. Kazi ya mikono inaonekana na watu wengi kuliko muamala wa simu. Kisha amtafute yule mmoja wa Asch. Kabla ya kikao kijacho cha ukoo au cha kijiwe azungumze na mtu mmoja anayeheshimika, wakubaliane kupendekeza kiwango cha juu cha michango, na yule mwenzake ndiye aanze kusema. Wazo la kiwango likitoka kwa mwenye nacho linaitwa busara. Likitoka kwa asiye nacho linaitwa uchoyo, hata kama ni maneno yaleyale.

Desturi zinazobeba uaminifu utazijua kwa kuuliza nani ataumia usipozitimiza, na kama anaweza kusimama tena. Mali kauli isiporudi, tajiri anapunguza mzigo kwa vijana wengine watano ambao hawakufanya kosa. Mchezo wa kuchangiana fedha kwa zamu ukivunjwa na aliyekwisha kupokea, kijumbe anayezikusanya anadaiwa na wote waliokuwa wanasubiri zamu, na mara nyingi kijumbe ni mama mwenye genge lake asiye na chochote cha ziada. Winga, yule anayetafutia maduka wateja, akimpora mwenzake mteja mlangoni, kesho hakuna atakayempeleka mteja kwa mwingine, na kazi yote ya uwinga inasimama juu ya kupelekeana wateja na kugawana cha juu. Na msiba: turubai likifungwa mtaani, jirani anayepita bila kuinama, kuandika jina kwenye daftari la rambirambi na kukaa kidogo, anavunja bima ya pekee waliyo nayo watu wa Gerezani au Jangwani. Hizi nazishauri zitimizwe hata siku ambayo hujisikii, kwa fedha ndogo, kwa miguu yako mwenyewe. Sare ya harusi haimo kwenye hesabu hii. Wala simu ya toleo jipya, wala kunywa na wenzako ili uonekane mwanamume, wala kucheka utani unaokuudhi.

Hiyo habari ya akiba siitungi. Mwaka 1958 mwanasaikolojia Edwin Hollander alieleza kwamba mtu anayefuata matarajio ya kundi na kulifaa kundi hujengewa aina ya mkopo wa heshima, ambao baadaye anaweza kuutumia kwenda kinyume na kundi hilohilo na bado akasikilizwa. Anayekwenda kinyume siku ya kwanza anaonekana mkorofi. Anayefanya hivyo baada ya kujulikana anaweza hata kuonekana kiongozi. Dar es Salaam ina mfano wa hilo, na barabara inayopita kati ya Kariakoo na katikati ya jiji inaitwa kwa jina la mfano wenyewe.

Bibi Titi Mohamed alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926, mtoto wa Kiislamu wa mjini, na kabla ya siasa alijulikana kwa ngoma. Alikuwa mwimbaji kiongozi katika vikundi vya ngoma, ambavyo vilikuwa na uongozi wake, sare zake, ushindani wake na wajibu wa kuzikana na kusaidiana. TANU, chama kilichodai uhuru, ilipozaliwa Julai 1954 ilikuwa ya wanaume kwa sura na kwa sauti. Mwaka 1955 alikabidhiwa sehemu ya wanawake, na kazi ya kuandikisha wanachama ikaanzia palepale alipokuwa na jina: kwa viongozi wa vikundi vya ngoma, kikundi kwa kikundi. Mwanahistoria Susan Geiger, aliyehojiana naye na wenzake kwa kitabu chake cha mwaka 1997, anaonyesha jinsi mtandao huo ulivyoleta maelfu ya wanawake kwenye chama kwa muda mfupi. Mwanamke wa pwani kupanda jukwaani na kuwahutubia wanaume uwanjani lilikuwa jambo la kuvunja adabu waziwazi. Lakini aliyelivunja alikuwa mwenzao aliyecheza nao, akazika nao, akaimba nao harusini. Hawakulazimika kuchagua kati ya kuwa wanawake wenye heshima na kumfuata yeye. Hawakwenda mmoja mmoja pia. Kikundi kizima kiliingia, na kikundi kizima kikiingia hakuna wa kusutwa.

Sitaki kumfanya mfano mtamu kupita kiasi. Mwaka 1969 Bibi Titi alikamatwa kwa tuhuma za uhaini, mwaka 1971 akahukumiwa kifungo cha maisha, akaachiwa mwaka 1972. Heshima aliyojiwekea kwa wanawake wa mjini haikumfaa kitu mbele ya dola. Akiba ya aina hii ni mali ya kundi lililokuona ukiijenga, na haihamishiki kirahisi. Kijana anayeaminika Mtaa wa Kongo asidhani ataaminika vivyo hivyo ofisini Posta au kwa wakwe zake Moshi. Kila mahali anaanza tena, na kila mahali ajiulize upya ni desturi zipi zinabeba uaminifu wa pale.

Hoja ya kwanza dhidi yangu ni kwamba mizani hii haiko sawa. Mwanamke hapewi akiba sawa na mwanamume hata akilipa mali kauli kwa miaka kumi, na mgeni au masikini anahukumiwa kwa kosa moja pale mwenyeji anaposamehewa matatu. Ni kweli, na Kariakoo inao ushahidi. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulipitisha azimio la kupiga marufuku sketi fupi, mawigi, suruali za kubana na krimu za kujichubua, marufuku ianze rasmi tarehe 1 Januari 1969. Iliitwa Operesheni Vijana. Tarehe haikusubiriwa: mwezi uleule wa Oktoba makundi ya vijana wa kiume yaliwavamia wanawake waliovaa nguo fupi katika eneo la Kariakoo, kwenye mabasi, hadi polisi wakalazimika kuingilia. Mwanahistoria Andrew Ivaska, aliyepitia magazeti ya wakati ule na barua nyingi za wasomaji, anaeleza kwamba lugha ilikuwa ya kulinda utamaduni wa taifa, lakini chini yake kulikuwa na hasira ya vijana wasio na kazi kwa wanawake waliokuwa wanapata ajira za ofisini na uhuru wa kutembea mjini. Waliovamiwa hawakuwa wamevunja uaminifu wa mtu yeyote. Walikuwa wamepanda basi.

Nayachukua mambo mawili kutoka mwaka ule. Moja ni kwamba desturi inayotetewa kwa sauti kubwa kuliko zote huenda si ya zamani kama inavyodaiwa. Khanga, ambayo leo ni kipimo cha stara hata kwa wanaokemea mavazi, ilikuwa fasheni mpya mwishoni mwa karne ya 19. Laura Fair, katika utafiti wake kuhusu Zanzibar, anaonyesha kwamba baada ya utumwa kufutwa visiwani mwaka 1897 wanawake waliokuwa watumwa waliacha kaniki na kujifunga khanga kutangaza hali yao mpya. Kwa hiyo msichana akiambiwa mababu hawakuvaa hivi, ana haki ya kuuliza mababu wa mwaka gani. La pili ni la vitendo zaidi. Ambaye mizani inamwonea asitumie akiba yake peke yake, kwa sababu ni ndogo na inakwisha upesi. Wanawake wanaouza Kariakoo wanaotaka kuvutwa mikono kukome, au winga wa kike anayechoka na maneno ya kijiwe, wataambulia zaidi wakienda kumi kwa mwenyekiti wa eneo na kumtaja tajiri ambaye vijana wake wanafanya hivyo. Tajiri ana cha kupoteza: wateja wanawake ndio wengi, na mteja aliyeshikwa mkono kwa nguvu kesho anapitia mtaa mwingine. Mwanamume mmoja wa kijiweni akisema acheni, ni mteja wangu, anavunja zaidi ya anavyodhani. Yeye ndiye yule wa pili wa Asch, na gharama yake ni utani wa nusu saa.

Hoja nyingine naisikia hasa kutoka kwa wazee, nami naiheshimu. Wanasema ukimfundisha kijana kuchagua desturi, atachagua zinazompendeza; leo ataacha sare, kesho ataacha msiba, keshokutwa mali kauli. Jibu langu ni kwamba kijana anachagua tayari, ila anachagua gizani, kwa kumtazama jirani. Chukua risiti. Mashine za kielektroniki za risiti zilianza kutumika nchini mwaka 2010, na Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inamtaka muuzaji atoe risiti na mnunuzi aidai. Kila mtu anaujua wimbo wa kuuza na kutoa risiti. Na kila mtu anajua kwamba akiuliza bei ya bidhaa atajibiwa kwa swali, na risiti au bila, maana asilimia 18 ya kodi ya ongezeko la thamani inageuza shilingi 100,000 kuwa 118,000. Anayedai risiti anatazamwa kama afisa aliyejificha. Mwenye duka anayetoa kila mara anamwona mteja akivuka barabara kwenda kwa asiyetoa. Huyu asiyetoa si kwamba wema wake umepungua. Amebanwa na hesabu, kwa kuwa uaminifu wa mmoja unakuwa faida ya jirani.

Mahubiri hayamsaidii, na tangazo la kwamba wafanyabiashara wengi wanakwepa kodi linaweza kuharibu zaidi. Robert Cialdini na wenzake walijaribu vibao katika hifadhi ya miti iliyogeuka mawe huko Arizona: kibao kilichosema wageni wengi wanaiba vipande kiliongeza wizi kikilinganishwa na kilichowaomba tu wasichukue. Ukimwambia mtu kwamba wote wanafanya, umempa ruhusa. Kinachosaidia ni makubaliano ya wanaoshindana, na Kariakoo imeshaonyesha inaweza kukubaliana. Jumatatu ya tarehe 15 Mei 2023 maduka yalifungwa kwa malalamiko juu ya kamatakamata ya kodi na usajili wa stoo, na yalibaki yamefungwa hadi Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alipokutana na wafanyabiashara Mnazi Mmoja tarehe 17. Juni 2024 yakafungwa tena. Mtu anaweza kuupenda au kuuchukia mgomo, lakini watu wanaogombania mteja mmojammoja siku nzima walifunga milango kwa pamoja wakajua jirani naye hatafungua. Nguvu hiyohiyo, mtaa kwa mtaa, wauza viatu kwa wauza viatu, inaweza kukubaliana bei moja yenye risiti ndani yake, na kuipeleka serikalini kama hoja ya kudai viwango vinavyobebeka. Anayeanza mwenyewe leo aanze na wateja wa jumla wanaotoka mikoani, ambao risiti inawafaa barabarani wakikaguliwa mzigo. Huko uaminifu haumgharimu mteja.

Wazee wana haki kwenye jambo moja. Uhuru wa kuchagua hauna maana kama aliyekosea hana njia ya kurudi, kwa sababu hapo kila desturi inakuwa ya kufa na kupona na watu wanashika zote kwa woga. Howard Becker aliandika mwaka 1963 kwamba jina la mkosaji linalobandikwa na kundi lina tabia ya kumsukuma mtu aishi kulingana nalo. John Braithwaite, mwaka 1989, akatofautisha aibu inayomfukuza mtu na aibu inayomkaripia kisha ikampokea. Kwetu hilo lina sura ya kila siku. Kijana aliyechukua mzigo, akauguliwa na mama au akakamatiwa bidhaa na mgambo, akashindwa kurudi jioni, anaona aibu. Siku ya kwanza anakwepa duka, siku ya tatu anazima simu, na siku ya saba ni tapeli, ingawa kilichotokea ni mkosi na woga. Basi mwenye kosa apige simu jioni ileile, kabla habari haijamtangulia, aseme kiasi kilichopo na aombe siku. Tajiri naye asitangaze jina kabla ya kumsikiliza. Deni ligawanywe, mzigo mpya uwe robo ya ule wa zamani, na mashahidi wawili wa kijiwe wajue kwamba wamekubaliana. Akimaliza, mashahidi walewale waambiwe kwamba amemaliza. Hatua hii ya mwisho inasahauliwa mno: tunatangaza kosa kwa kelele na malipo kwa minong'ono.

Lipo eneo moja ambapo ushauri wangu wa kujenga akiba kwanza haufai. Mtu akipiga kelele ya mwizi kwenye msongamano wa Msimbazi na Uhuru, dakika chache tu hutenganisha mtu aliyeshikwa na mtu aliyekufa, na magazeti yetu yana maneno ya kudumu kwa wanaofanya hivyo: wananchi wenye hasira kali. Wengi katika kundi lile hawana hasira yoyote. Wamefika wakakuta wengine wanapiga, wakadhani wote wameona ushahidi ambao wao hawajauona. Kundi zima linaegemea macho ambayo hakuna aliyekuwa nayo. Katiba, ibara ya 13, inamchukulia kila mshtakiwa kuwa hana hatia hadi ithibitike, na ibara ya 14 inalinda uhai wake, lakini kuisoma Katiba mbele ya watu wenye mawe ni kujiongeza kwenye orodha. Usisimame mbele ya kundi. Mshike mtu mmoja unayemfahamu, mwite kwa jina, mwambie tumpeleke Msimbazi, kituo ni hapo tu. Mwite wa pili. Tamka mahali na kitendo kwa sauti, maana wanaosita wanahitaji kazi ya kufanya zaidi ya wanavyohitaji hoja. Mwingine apige simu polisi, mwingine amfuate mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Na kwa kuwa hakuna anayefikiri vizuri wakati mawe yanaokotwa, kijiwe kizungumze habari hii siku ambayo hakuna mwizi, kahawa ikiwa mkononi: akishikwa mtu hapa kwetu, nani anapiga simu, nani anamzunguka, nani anakwenda kituoni.